Kinachotolewa na Kinachofungwa: Uhakiki wa Mkataba wa Hali Bora

Wahakiki wetu wameuzoea mgomo ukiwa ndani ya riwaya. Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa 1979, imechambuliwa sana madarasani: wachukuzi wa bandari ya Unguja, unyonge wao, mwamko wao, mgomo wa 1948. Tunajua namna ya kuwazungumzia wahusika wake na msuko wake. Hadithi ikiisha, kitabu kinafungwa. Katika maisha ya kazini, hapo ndipo yanapoanza maandishi mengine yasiyo na mhusika wala mandhari: vifungu vyenye namba, jedwali la viwango, saini za pande mbili na muhuri. Tanzania yanaitwa mkataba wa hali bora. Watu hupanga likizo, matibabu na mazishi kwa kuyategemea, na wengi wao hawajawahi kuyashika mkononi.

Nataka kuyasoma kama inavyosomwa kazi yoyote ya maandishi: nani anasema, kwa sauti gani, kwa mpangilio upi, na nini kimeachwa kimya. Vifungu vya mfano vitakavyoonekana humu nimevitunga mwenyewe kwa kufuata mtindo uliozoeleka, ili pasiwe na kampuni wala chama kitakachodhani kinanyooshewa kidole.

Hoja yangu ni kwamba kila kifungu cha mkataba huu hufanya kazi mbili kwa pamoja. Kinatoa kitu, na papo hapo kinafunga mlango wa kugombania zaidi juu ya kitu hicho. Kazi ya pili haionekani kwenye sentensi yenyewe. Imetoka kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Sheria hiyo inampa mfanyakazi haki ya kugoma, kisha inaiondoa haki hiyo pale ambapo jambo linalobishaniwa limekwisha kuwekewa masharti na mkataba wa pamoja unaombana. Kwa hiyo kusainiwa kwa kifungu cha posho ya usiku ni kulipwa posho, na pia ni kuahidi kutokuigomea posho hiyo kwa muda wote wa mkataba. Anayeusoma mkataba kama orodha ya mafao tu amesoma nusu yake.

Tuanze na utangulizi, ambao ndio sehemu yenye lugha tamu kuliko zote. Hapo utakuta sentensi kama hii: “Kwa kuwa pande zote mbili zinatambua umuhimu wa ushirikiano, tija na amani mahali pa kazi…” Meneja na mwenyekiti wa tawi, ambao jana walikuwa wanarushiana maneno mezani, leo wanazungumza kwa kinywa kimoja. Umoja huo haudumu. Tukiingia kwenye vifungu vyenyewe, sauti inagawanyika. Chukua kalamu upige mstari chini ya mtenda wa kila sentensi, kisha uangalie kinachomfuata. Mwajiri “atatoa”, “atalipa”, “ataangalia uwezekano wa”, na mara nyingi nyuma ya kitenzi chake kuna sharti: endapo, kadiri, isipokuwa. Chama “kitahakikisha”, “kitahamasisha”, “hakitaitisha”, na mara nyingi hapo sentensi inaishia. Ahadi za upande mmoja zina milango ya kutokea. Za upande wa pili hazina. Hakuna aliyeandika popote kwamba mmoja ana nguvu kuliko mwenzake, lakini sarufi ya mkataba imelisema hilo.

Sauti hii ya pamoja ina historia. Mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947 haukuishia kwenye makubaliano yaliyoandikwa na wachukuzi na makampuni ya bandari. Serikali ya kikoloni iliunda baraza la usuluhishi chini ya Jaji Thacker, na tuzo yake ikashuka kutoka juu kama hukumu inavyoshuka. Mwandishi alikuwa mmoja, na wafanyakazi walikuwa wanaandikiwa. Tanzania baada ya uhuru nayo iliweka mkono wa tatu kwenye maandishi. Kwa sheria ya 1967 makubaliano kati ya mwajiri na chama yalipaswa kupita kwenye chombo cha kudumu cha migogoro ya kazi, kilichoyapima kwa sera ya mapato ya serikali kabla ya kuyapa nguvu. Sheria ya 2004 imepunguza mkono huo. Inataka mkataba uwe wa maandishi, usainiwe na pande zote mbili, na nakala ipelekwe kwa Kamishna wa Kazi. Jambo hilo lina maana kubwa kwa mhakiki: udhaifu wa maandishi haya leo hauwezi kutupiwa jaji wala wizara. Waandishi ni wawili, na wote walikuwepo mezani.

Baada ya utangulizi huja ukurasa wa tafsiri za maneno, ambao wasomaji wengi huuruka. Mimi ningeusoma mara mbili. “Mfanyakazi maana yake ni mtu aliyeajiriwa na Mwajiri kwa mkataba wa kudumu.” Sentensi ni fupi, haina neno gumu, na imewatoa nje nusu ya watu wanaoingia getini asubuhi: vibarua, wa mikataba ya miezi mitatu, na wale walioletwa na wakala wa ajira ambao mishahara yao inatoka kwenye ofisi nyingine. Kila mahali neno hilo litakapotokea mbele, kwenye kifungu cha matibabu, cha sare, cha viatu vya usalama, mlango huo utajifunga tena bila kelele. Hakuna kifungu kitakachosema kwamba kibarua hastahili viatu. Hatatajwa tu.

Umuhimu wa ukurasa huo umeonekana wazi nchini Kenya. Mkataba wa madaktari wa 2017 uliwahesabu madaktari walio kwenye mafunzo kazini miongoni mwa wanaolindwa nao, na kuwawekea mshahara wa takriban shilingi 206,000 kwa mwezi. Miaka ilipopita serikali ilisema haina uwezo huo, ikapendekeza wapewe posho ya shilingi 70,000. Machi 2024 madaktari waligoma, na mgomo ukachukua siku 56. Madai yalikuwa mengi, lakini hili la madaktari wa mafunzo lilikuwa katikati yake. Huo ni mkataba wa taifa zima na si wa kiwanda kimoja, ila somo lake la umbo halina mipaka ya ukubwa. Aliyetajwa kwenye ukurasa wa tafsiri ana mahali pa kusimama atakapopunjwa. Asiyetajwa lazima kwanza athibitishe kwamba anahusika.

Sasa tuingie kwenye mwili wa mkataba. Naona aina tatu za vifungu, na kila aina inatoa na kufunga kwa kadiri yake.

Aina ya kwanza ni kifungu kinachorudia sheria. “Mfanyakazi atapewa likizo ya mwaka ya siku 28 kwa malipo.” “Mfanyakazi wa kike atapewa likizo ya uzazi ya siku 84.” “Saa za ziada zitalipwa mara moja na nusu ya mshahara wa saa.” “Kazi ya usiku italipiwa nyongeza ya asilimia 5.” Sauti ni ya mtu anayetoa zawadi. Lakini mambo yote manne yamo kwenye sheria ya 2004 kama kiwango cha chini kabisa, na mwajiri angewajibika kuyatimiza hata kama chama kisingekuwepo. Mkataba wenye kurasa nyingi za namna hii huonekana mnene ukiinuliwa juu kwenye mkutano wa tawi, na wanachama hupiga makofi.

Wapo wanaokitetea kifungu hiki kwa kusema kwamba kinamfundisha sheria mfanyakazi asiyeijua. Utetezi huo una uzito, maana wengi huijulia sheria kwenye mkataba wao. Lakini tukumbuke kazi ya pili ya kifungu. Siku za likizo zikishaandikwa kwenye mkataba, suala la likizo limewekewa masharti, na chama kinachotaka siku 32 mwakani kinaweza kuambiwa kwamba jambo hilo limefungwa hadi mkataba uishe. Kifungu hicho hakikutoa chochote, na bado kimefunga. Anayetaka kufundisha sheria aiweke kwenye kiambatisho, au aongeze maneno machache: kwamba kiwango kilichotajwa ni cha sheria, na kwamba nyongeza juu yake iko wazi kwa majadiliano. Linganisha na malipo ya kuachishwa kazi. Sheria inasema mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, usizidi miaka 10. Mkataba unaosema siku 14, au unaoondoa ukomo wa miaka 10, umetoa kitu ambacho hakikuwepo. Hapo kufunga kuna bei iliyolipwa.

Aina ya pili ni kifungu cha ahadi, na hiki kinahitaji kusomwa polepole. “Mwajiri atajitahidi kutoa usafiri kwa wafanyakazi wanaomaliza zamu usiku kadiri hali ya kifedha ya kampuni itakavyoruhusu.” Kitenzi kikuu hapa ni kujitahidi. Kutoa usafiri kumekuja kama jambo linalojaribiwa, na jaribio halina kipimo: gari moja kwa mwezi ni juhudi, na barua ya kuomba bei kwa mwenye mabasi nayo ni juhudi. “Usafiri” haujasemwa unaanzia wapi na kuishia wapi. “Usiku” hauna saa. Halafu sentensi inamalizika kwa hali ya kifedha, na inayoruhusu ni hali hiyo, si mtu. Mwajiri aliyeanza kama mtenda amekwisha kupotea, na mwisho wa sentensi hakuna anayeweza kuulizwa.

Fikiria kifungu hichohicho kikiandikwa hivi: “Gari la wafanyakazi litaondoka lango kuu saa 5:15 usiku, dakika kumi na tano baada ya zamu ya jioni kumalizika. Siku ambayo gari halikufika, Mwajiri atamlipa kila mfanyakazi wa zamu hiyo nauli ya kumfikisha nyumbani, kabla ya zamu yake inayofuata kuanza.” Sentensi ya kwanza ina saa na mahali. Ya pili imefanya jambo ambalo sentensi ya kujitahidi haikuthubutu: imeukubali uwezekano wa kushindwa na kuuwekea malipo. Mlinzi wa getini anaweza kuona kama kifungu kimetekelezwa, bila wakili na bila kikao. Hicho ndicho kipimo changu cha ubora katika maandishi haya. Kifungu kizuri ni kile ambacho mtu wa zamu anaweza kukihakiki kwa saa yake ya mkononi.

Ubaya wa kifungu cha kujitahidi ni kwamba kinaweza kuwapotezea wafanyakazi pande zote. Ukikipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na baadaye Mahakama ya Kazi, mwajiri atasema alijitahidi, na kumbana itakuwa shida. Ukitaka kuugomea usafiri, atasema suala la usafiri limo kwenye mkataba. Hoja hiyo ya pili inaweza kupingwa, lakini kupinga kunakula miezi, na gari bado halijaja. Afadhali jambo hilo lisiandikwe kabisa, libaki wazi, kuliko kuandikwa hivyo.

Aina ya tatu ni kifungu kinachobana, na mfano wake bora uko mahali ambapo wahakiki wa uchumi hawatazami: kifungu cha msiba. Hapo lugha inabadilika ghafla. Jeneza au sanda, kulingana na dini ya marehemu. Gari la kusafirisha mwili hadi nyumbani kwao. Wafanyakazi wangapi watasindikiza na kwa siku ngapi. Rambirambi kiasi gani akifa mfanyakazi, kiasi gani akifa mwenzi wake, kiasi gani akifa mtoto, na watoto wangapi wanatambuliwa. Hakuna kujitahidi humo, wala hali ya kifedha.

Kwa nini kifungu hiki ndicho chenye undani kuliko vyote? Sababu moja ni gharama: msiba ni tukio la mara chache na bei yake inakadirika. Sababu nyingine ni kwamba pande zote mbili zimekaa matangani, zinajua kinachohitajika, na hakuna meneja anayetaka kuonekana mbele ya jamaa wa marehemu akijadili hali ya kifedha. Kwa mhakiki, kifungu cha msiba ni ushahidi. Kinaonyesha kwamba waandishi hawa wawili wanaweza kuandika kwa ufasaha na kwa undani wakiamua. Basi tukirudi kwenye kifungu cha mishahara na kukuta ukungu, hatuwezi kusema walikosa ufundi. Ukungu ule umechaguliwa.

Na kwenye mishahara ukungu ni mwingi. Mtindo uliozoeleka ni huu: “Pande mbili zitakutana kila mwaka kujadili nyongeza ya mishahara kwa kuzingatia hali ya uzalishaji na uwezo wa kampuni.” Kifungu hiki kinaahidi kikao. Kuhusu fedha hakiahidi kitu. Tena kinarejelea andiko lingine lililo nje yake, yaani hesabu za kampuni, ambalo mwandishi mmoja amelisoma na mwenzake hajaliona. Mwenyekiti wa tawi anaingia kikaoni kujadili uwezo kwa kukisia kutokana na idadi ya malori yanayotoka. Sheria ya 2004 ililiona tatizo hili. Inamtaka mwajiri anayejadiliana na chama kinachotambuliwa atoe taarifa zinazohitajika kwa majadiliano yenye maana, ingawa imeweka kinga kwa taarifa za siri. Mkataba uliosukwa vizuri huichukua haki hiyo na kuipa tarehe: hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita zitafika mikononi mwa kamati ya tawi siku 21 kabla ya kikao. Kifungu cha namna hiyo hakina shilingi hata moja ndani yake, wala hakipigiwi makofi. Lakini kinabadilisha nani anajua nini pale mezani, na nyongeza hutokana na hilo.

Hapa mpangilio wa mkataba unastahili neno. Mambo yanayopendwa, kama sherehe za Mei Mosi, zawadi ya mfanyakazi bora, maziwa na sare, huwekwa katikati yakiwa na vichwa vinavyoonekana kwa urahisi. Mambo yanayoamua, kama taarifa, muda na namna ya kusitisha, hubanwa mwishoni chini ya kichwa “Mengineyo”, pale ambapo kamati ya tawi imechoka na chai imekwisha kupoa. Msomaji mzoefu huanzia huko nyuma.

Angalia kifungu cha muda. “Mkataba huu utadumu kwa miaka miwili, na utaendelea kutumika hadi mkataba mpya utakaposainiwa.” Nusu ya pili imewekwa kwa nia njema, ili mafao yasikatike siku ya mwisho. Ila soma kazi yake ya pili. Kama mkataba unaendelea kutumika, mambo yaliyofungwa nayo yanaweza kuendelea kufungwa, na upande usio na haraka ya kukaa mezani umepewa sababu ya kutokukaa. Mshahara wa 2022 unaendelea kulipwa 2025, huku bei ya unga ikiwa imepanda. Dawa yake ni kuandika kwamba mafao yataendelea ila masuala yote yatakuwa wazi kwa majadiliano, na kwa mgomo pia, kuanzia tarehe fulani. Ni sentensi moja, lakini wachache huidai, kwa kuwa nusu ya kwanza ya kifungu inasikika kama ulinzi mtupu.

Tumefika kwenye saini. Katika fasihi, jina la mwandishi huja mwanzoni. Hapa huja mwishoni, na ndilo linaloyapa maandishi nguvu. Kwa sheria ya Tanzania mkataba unaanza kubana tangu saini ya mwisho, isipokuwa wenyewe uamue vingine. Kenya imeweka hatua zaidi: Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inataka mkataba usajiliwe mahakamani ndipo uweze kutekelezwa kwa nguvu ya sheria. Madaktari wa nchi hiyo walilipia hatua hiyo kwa uchungu. Chama chao na serikali walisaini mkataba Juni 2013. Haukutekelezwa, na serikali ikashikilia kwamba haukuwa umesajiliwa. Mgomo ulianza tarehe 5 Desemba 2016. Februari 2017 viongozi saba wa chama wakapelekwa jela kwa kudharau amri ya mahakama, na kazi ikarejea tarehe 14 Machi, baada ya siku 100. Andiko lilikuwa na waandishi wake wote wawili, lina vifungu, lina saini, na bado upande mmoja ulilishughulikia kama rasimu.

Kwa Tanzania swali la saini liko kwingine, na ndilo linalonisumbua zaidi. Ili wafanyakazi wagome kihalali, sheria inataka mgogoro uwe wa maslahi, upelekwe Tume kwa usuluhishi, usuluhishi ushindikane, chama kiitishe kura kwa mujibu wa katiba yake, wengi wa waliopiga kura wakubali, kisha mwajiri apewe taarifa ya saa 48. Tumeona kwamba kusaini kifungu ni kuiweka haki hiyohiyo kando kwa miaka miwili au zaidi, kwa jambo lililotajwa. Lakini katika masharti ya 2004 kuhusu mkataba wa pamoja, kuiweka kando hakudai kura. Kunadai maandishi na saini. Tena saini hizo, chama kikiwa wakala pekee wa majadiliano, zinawabana hata wasio wanachama. Kuitumia haki kunahitaji idhini ya wengi iliyohesabiwa. Kuiacha kunahitaji kalamu za watu wachache waliokaa chumbani.

Hakuna kinachokizuia chama kujiwekea sharti hilo chenyewe. Katiba ya chama inaweza kusema kwamba mkataba wa hali bora hautasainiwa kabla rasimu haijasomwa kwa Kiswahili mbele ya mkutano wa tawi, kifungu kwa kifungu, na kupigiwa kura. Msomaji wa rasimu aulizwe maswali mawili kwa kila kifungu: tumepewa nini hapa, na tumekubali kunyamazia nini? Wanachama waliozoea kupigia makofi maziwa na sare watashangaa kuona makofi yao yamekuwa yakielekezwa kusiko. Kikao kitakuwa kirefu, na menejimenti italalamika kwamba chama kinachelewesha. Acha ilalamike. Mwajiri huwa na wakili anayemsomea rasimu kabla hajasaini, na wafanyakazi hawastahili kusomewa mkataba wao kwa mara ya kwanza siku ya mgogoro.